Ncha ya Pili ya Waya

Kompyuta iliniambia ukweli saa saba na dakika kumi mchana, kwa maandishi, na mimi nikaibishia mpaka karibu saa tisa. Iliandika: waya wa mtandao haujachomekwa. Chini yake ilichora kikompyuta kidogo chenye alama nyekundu ya kosa, nadhani kwa ajili ya watu wasiopenda kusoma. Mimi napenda kusoma. Nimefanya kazi ya masjala wizarani miaka thelathini na moja, nikisoma barua za watu na kuzipeleka kwenye majalada yake, na bado sentensi ya maneno manne ilinishinda.

Nianze na siku yenyewe. Binti yetu wa pekee alikuwa anahitimu uhandisi wa maji huko Ulaya kwenye baridi, na chuo chake kilikuwa kinarusha mahafali kwenye intaneti kuanzia saa tisa alasiri kwa saa zetu. Mke wangu ni muuguzi. Siku hiyo alikuwa zamu mjini, na alikuwa amepanga kuangalia hukohuko kazini na wenzake. Nyumbani kwetu Msalato tulibaki wawili tu, mimi na mama yake mzazi, mkwe wangu, aliyekuwa ametoka kijijini kwao Gulwe siku nne kabla na kuku wawili, karanga, na mlenda wa kukausha wa kutosha kulisha kwaya.

Hakuja kutusalimia sisi. Alikuja kumwona mjukuu wake, na alikuwa na haki hiyo kuliko mimi. Enzi serikali inatuhamishahamisha mimi na mke wangu, mtoto tulimwacha Gulwe miaka mitano. Mto ulipojaa, bibi yake alimfunga mgongoni kwa khanga, akamvusha kwenda shule, akamngoja ng'ambo mpaka wenzake watoke, akamrudisha. Sasa macho ya bibi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, na tarehe ya upasuaji ilikuwa bado. Kwenye simu haoni kitu zaidi ya mwanga. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta yangu ya mezani, akisogea mpaka pua iguse, anaweza kujua kama mtu amekaa au anatembea. Kwa hiyo siku hiyo kulikuwa na kazi moja tu, na ilikuwa yangu: ikifika saa tisa, kioo kile kionyeshe mahafali.

Nilijitapa mapema. Asubuhi, uji ukiwa mezani, nilimwambia mke wangu kwa sauti niliyoipima ipite ukuta: "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Mtandao wangu ni wa waya. Huo wa hewani ndio unaokatikakatika."

"Amekusikia," alisema mke wangu, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Ni kweli ulikuwa wa waya. Fundi alipokuja kuufunga aliniuliza kama nataka na ule wa hewani, nikamwambia auzime, kitu nisichokishika kwa mkono sikiamini. Fundi hakubishana. Kisanduku cha mtandao alikifunga chumba cha wageni, maana nguzo iko upande ule, na kutoka kwenye kisanduku akapandisha waya mweupe darini, akaushusha sebuleni mpaka kwenye kompyuta. Waya, kama kila mtu ajuavyo, una ncha mbili. Moja ilikuwa sebuleni kwangu. Ya pili ilikuwa chumba cha wageni, na mgeni wa siku hizo alikuwa mama mkwe.

Hapo ndipo penye kisa. Nilioa Ugogoni, na kwa jinsi nilivyofundishwa na wazee wa mke wangu, mama wa mkeo humpi mkono, huli naye sahani moja, humkazii macho, na chumba anacholala hukikanyagi hata kama nyumba ni yako na uliisimamia tofali kwa tofali. Jambo lako ukimpelekea, linapita kwa mkeo. Siku hizi vijana wamelegeza, nawaona wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Lakini mimi si Mgogo wa kuzaliwa, na mtu aliyeingia kwenye desturi ukubwani huishika kwa meno. Miaka ishirini na saba nilikuwa nimemwamkia yule mama nikiwa natazama ndala zangu. Sura yake naijua kwa picha za harusi.

Radi ilianza saa sita. Mvua za kwanza za kwetu hazibishi hodi. Ilipiga moja hapo karibu, mabati yakatetemeka, umeme ukakatika, ukarudi. Kisha mvua ikamwagika kama nusu saa, ikapungua, lakini ngurumo zikabaki zikizunguka huko upande wa milimani, hazitaki kuondoka wala kurudi. Saa saba nikawasha kompyuta nijiandae mapema kama mtu makini, na ndipo iliponiandikia yale maneno.

Nikafungua daftari. Nina tabia hiyo, siwezi kutengeneza hata bomba bila kuandika hatua na saa, kwa sababu masjala haikutoki mwilini. Niliinama nyuma ya kompyuta, nikaushika waya, nikauvuta, ukagoma kutoka. Umechomeka barabara. Nikaandika: "7:15. Waya umekaguliwa. Ni mzima." Nilichokikagua ni nusu ya waya, tena nusu iliyokuwa karibu na kiti changu, lakini daftari halikuuliza.

Nikazima kompyuta, nikawasha. Haujachomekwa. Nikauchomoa waya, nikapuliza tundu, nikapuliza na kile kichwa chake cha plastiki, nikakipangusa kwa shati, nikarudisha mpaka kiulimi chake kikalia. Haujachomekwa. Nikafungua tumbo la kompyuta kwa bisibisi, nikatoa vumbi, utando na buibui mmoja asiye na hatia. Haujachomekwa. Nikaanza kuipandishia sauti. "Umechomekwa!" nilisema. "Nimeuchomeka mwenyewe!" Kutoka chumba cha wageni nikamsikia mkwe anakohoa.

Saa nane kasoro nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole sana, ile sauti inayokufanya uone haya kuwa na hasira.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtandao wenu umekufa na mimi nina shughuli."

"Pole sana baba. Naomba uniangalizie kile kisanduku. Taa zinawaka rangi gani?"

Nilikuwa nimesimama koridoni, hatua tatu kutoka mlango wa chumba cha wageni, na mlango ulikuwa umerudishwa. Ningeweza kumwambia: mwanangu, kisanduku kimo chumbani kwa mama mkwe wangu, siwezi kuingia. Naye ni mtoto wa watu, ana wakwe au atakuwa nao, angeelewa. Lakini nilijiona mtu mzima, mwenye nyumba, niliyejitapa asubuhi mbele ya uji, nikikiri kwamba ndani ya nyumba yangu kuna taa ambayo sina ruhusa ya kuiona.

"Kijani," nilisema.

Ndani, mkwe akakohoa.

"Zote, baba?"

"Zote. Kijani kabisa."

Akakohoa tena, mara mbili, safari hii kwa nguvu.

"Basi baba, kama zote ni kijani, huku kwetu hakuna tatizo. Itakuwa ni kompyuta yako, au waya umekatika njiani."

Nikamshukuru. Nikaandika: "8:02. Kampuni haina tatizo. Waya umekatika darini, huenda panya." Na chini yake nikaongeza, kwa sababu mimi si mtu asiyejali: "Mama anakohoa. Apewe tangawizi."

Nikaweka meza koridoni, juu ya meza kigoda, juu ya kigoda nikajiweka mimi. Darini wakati wa jua lililofuata mvua ni kama ndani ya chungu, kwa hiyo nilivua shati, nikavua na suruali, nikabaki na bukta ya zamani na singlendi yenye matundu ambayo mke wangu ameitupa mara mbili nami nikairudisha mara mbili. Nikapenyeza kichwa na mabega kwenye mlango wa dari, nikamulika tochi. Waya ulikuwa pale, mweupe, mzima, umelala juu ya mbao bila hata alama ya jino. Nikaufuata kwa tochi mbao kwa mbao, mpaka ulipofika juu ya ukuta wa chumba cha wageni, nami nikaishia hapo. Hata kwa juu, chumba cha mkwe ni cha mkwe. Halafu dari lenyewe ni laini, na nilijiona nikikosea hatua na kumshukia mama wa mke wangu miguu kwanza.

Nikiwa nimening'inia hivyo, nusu darini na nusu koridoni, nilisikia mlango wa chumba cha wageni ukifunguka chini yangu. Kisha mlango ukafungwa haraka sana.

Sitaki kueleza sana nilivyojisikia. Nilikaa na kichwa changu darini dakika nyingi kuliko kazi ilivyohitaji, nikiomba miguu yangu isiwe miguu yangu.

Saa nane na nusu mke wangu akapiga. Nilishuka nikapokea.

"Mko tayari?"

"Tayari kabisa."

"Mama ameshakaa?"

"Anajiandaa."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, wazi, na mimi nikaupita. Ningemwambia ukweli, angenipa njia. Angalau angempigia mama yake aangalie ule upande wa pili. Ni kweli kwamba kisimu cha mama kilikuwa kimezimwa, maana kwao ngurumo zikisikika simu huzimwa, lakini hiyo si sababu, na wala sikuwa najua hilo wakati ule. Sababu ilikuwa ule uji wa asubuhi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimesimama koridoni na bukta, nafichaficha.

Nilijaribu simu yangu mwenyewe, ile ya hewani niliyoidharau. Baada ya radi mnara ulikuwa hoi. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikaniachia picha ya jukwaa tupu iliyoganda, ndogo kiasi kwamba hata mimi mwenye miwani niliikisia tu.

Ilipofika saa tisa kasoro robo nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nimejaa utando wa buibui, nikaweka daftari pembeni. Niliogopa kweli. Aibu yangu nilishaizoea, ningeibeba. Nilimwogopea yule mama. Amepanda basi na macho yale, ameuliza njia kwa watu, amekaa siku nne katika chumba cha ugenini akingoja robo dakika ya kumwona mtoto aliyembeba mgongoni, na atarudi Gulwe kuwaambia majirani kwamba mkwe wake wa wizarani alishindwa. Hata asingewaambia hivyo. Angesema mvua ilikuwa kubwa.

"Mkwe."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Nilitazama koridoni kwanza kuona kama kuna mkwe mwingine. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuniita moja kwa moja nikiwa peke yangu.

"Naam, mama."

"Ule waya mweupe niliuchomoa mimi."

Nililivuta daftari, nikakata neno panya.

"Radi ilipopiga," alisema. "Kule nyumbani iliwahi kuua redio ya marehemu. Ilikuwa imelala tu mezani, ikaungua mpaka na betri zake. Nikasema isije ikaua na hii, mtoto tutamwonea wapi? Nikauchomoa, nikakifunika na hiki kidude kwa khanga maana kinametameta. Nikangoja ngurumo zinyamaze niurudishe. Sasa tundu ziko nne, na macho haya hayanionyeshi ni ipi."

"Ni sawa, mama. Ulifanya vizuri."

"Nilikohoa."

"Nilisikia, mama."

"Nikafungua mlango nije nikwambie. Nikakuta miguu."

Naapa, ningeweza kurudi darini nikahamia huko. Alikuwa amekaa kule ndani saa nzima na nusu ameshika ncha ya waya mkononi, akinisikiliza napigana na ncha nyingine. Amenisikia naitukana kompyuta iliyosema kweli. Amenisikia namwambia dada wa watu habari za taa ambazo yeye alikuwa amezifunika kwa khanga. Na hakusema, kwa sababu mkwe hamuumbui mkwe. Alikohoa tu mpaka kifua kikamuuma.

"Njoo uuchomeke," alisema.

"Mama, siwezi kuingia."

Nilisikia kitanda kikilia, na nguo ikitandazwa.

"Ingia," alisema. "Mimi sipo."

Niliingia kinyumenyume. Singlendi, bukta, utando wa buibui na yote. Kwa pembe ya jicho, ambayo pia sikutakiwa kuitumia, niliona amekaa ukingoni mwa kitanda ameelekea ukutani, amejifunika khanga kutoka kichwani mpaka magotini, hakuna hata kidole kinachoonekana isipokuwa mkono mmoja alioutoa kwa nyuma, na kwenye mkono huo ncha ya waya. Niliipokea kwa vidole viwili nisimguse. Nikafunua kisanduku. Taa zilikuwa kijani kweli, zote isipokuwa moja iliyozimika, kwa hiyo uongo wangu wa saa nane ulikuwa umekosea taa moja tu. Nikachomeka kwenye tundu la kwanza. Kiulimi kikalia, ile taa ikawaka.

"Asante, mama," nilimwambia ukuta wa mbele yangu.

Hakujibu, kwa kuwa hakuwepo.

Nilivaa nguo mbio. Saa tisa na dakika mbili mahafali yalikuwa kwenye kioo, mtu mwenye joho la zambarau anaongea lugha isiyo yetu. Nikasogeza kiti karibu kabisa na kioo, nikamwambia kwa sauti kwamba kiti kiko tayari, na mimi nikatoka nje, maana kukaa naye bega kwa bega mbele ya kioo kimoja, na mke wangu hayupo, hilo lilikuwa nje ya uwezo wangu. Nikasimama dirishani, upande wa uani. Kutoka pale niliona kioo juu ya bega lake. Mvua ilikuwa imeanza tena, ya rasharasha.

Wanafunzi walianza kuitwa, mmoja mmoja, majoho yote meusi.

"Mkwe," alisema bila kugeuka.

"Naam."

"Niambie akifika."

"Huyu siye, mama. Na huyu siye. Huyu ni mwanaume."

"Huyo wa kiume nimemwona."

Walipita wengi. Niliwakataa wote kwa sauti, dirishani, nikilowa. Kisha wakataja jina letu, wakalivunjavunja vibaya lakini ni letu, na mtoto akatokea pembeni mwa jukwaa.

"Ndiye huyu. Anapanda ngazi, mama. Anatembea."

Alisogea mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo. "Nimemwona," alisema. "Anapima hatua. Nilimfundisha hivyo mtoni." Kisha akauliza, "Mbona kiunoni amenenepa?"

"Amejifunga kitu, mama. Khanga, juu ya joho."

"Rangi gani? Na usiniambie kijani kama si kijani."

Nilifungua mdomo. Miwani ilikuwa imelowa kwa nje na kwa ndani, na kule kwenye kioo niliona weusi unaotembea na kitu fulani katikati yake, basi. Jukwaa lilikuwa fupi. Alikuwa ameshapewa mkono, anashuka upande wa pili.

"Sijui, mama," nilisema. "Sioni. Ninalia."

Jina la mtoto mwingine likaitwa.

"Ni nyekundu," alisema. "Nilimpa alipokuwa anaondoka. Ndiyo niliyombebea."

Simu ikalia mfukoni, mke wangu. Niliiacha ilie, sikuwa na sauti ya kumpa.

"Mkwe, ingia ndani, unalowa."

"Mama, siwezi."

Akavuta khanga yake, akajifunika kichwa chote, ila upande wa kuelekea kioo aliuacha wazi kidogo, kiasi cha jicho.

"Ingia," alisema. "Mimi sipo."

Nikazunguka, nikavua ndala mlangoni, nikachukua kile kigoda nilichopandia darini nikakiweka nyuma ya kiti chake, na tukawaangalia watoto wa watu wengine mpaka wa mwisho.